Ulemavu unaokuja na kuondoka nao uhesabiwe

Sisi vijana wa Kasongo na Kabambare tuna swali moja kwa wote wanaoandika watu wenye ulemavu: mutu ambaye leo anatembea na kesho hawezi kuamuka, munamuweka wapi?

Mpaka sasa, mara nyingi, ni inje ya listi. Mwenye fimbo anaonekana. Mwenye SS, ule ugonjwa wa damu ambao Kongo karibu watoto 2 kwa 100 wanazaliwa nao, akikutwa siku nzuri anaambiwa: "Wewe uko muzima." Siku ya maumivu hafiki hata kwenye foleni. Mwenye kifafa vilevile: leo haonyeshi kitu, lakini huwezi kumuacha peke yake karibu na moto ao mtoni. (Minong'ono ya majirani, hiyo ni mambo ingine.)

Wengi wetu wenye diploma bila kazi tunayajua hayo maswali, maana ni sisi tunaitwa kuyauliza kwa malipo ya siku. Mashirika mengi yanatumia yale 6 ya Kundi la Washington, lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuelewana na watu. Kwa kuhesabu inchi nzima, ni mazuri. Lakini hayaulizi maumivu. Na Kundi lilelile lina orodha ndefu zaidi, inayouliza kama kwa miezi 3 iliyopita ulikuwa na maumivu siku kadhaa, siku nyingi ao kila siku. Kumbe inawezekana!

Sheria nayo iko. Katiba, kifungu cha 49, inampa mwenye ulemavu haki ya ulinzi kulingana na mahitaji yake, na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 imeongeza nguvu. Imeandikwa mahitaji. Haikuandikwa sura ya siku moja.

Tunaomba viongozi wa teritware zetu mbili, ofisi za Mambo ya Jamii na mashirika: muulize habari ya miezi, siku mbaya ni ngapi, na nani anamusaidia siku hizo. Mupokee neno la jamaa na la muuguzi wa kituo cha afya, kwa sababu kipimo cha damu hakipatikani kila kijiji. Na musimufute mutu kwa sababu siku ya ukaguzi alikuja kwa miguu yake.