Mwanagenzi Mwenye Shaka Hakukosa Imani

Kuna mahubiri yanayopendwa sana katika makanisa ya kisiwa cha Mombasa, hasa mitihani inapokaribia. Wanafunzi wa uuguzi, utabibu na ubaharia huitwa mbele, wakawekewa mikono, wakahimizwa kukemea roho ya woga. Ukijiona hutoshi, wanaambiwa, hiyo ni sauti ya adui. Kiri ushindi, usikiri udhaifu. Waumini huitikia amina. Mimi siitikii. Mafundisho hayo yanamdhulumu mwanafunzi, yanamhatarisha mgonjwa, na hayana mizizi katika Biblia.

Tuanzie wodini. Insulini inayotumika zaidi huwa na yuniti 100 katika kila mililita moja. Mgonjwa akiandikiwa yuniti 10, anastahili mililita 0.1 tu. Desimali ikiteleza nafasi moja, dawa imezidi mara kumi. Sukari yaweza kushuka hadi mgonjwa azirai, hata afe. Ndiyo maana muuguzi makini humwita mwenzake aikague dozi kabla ya kudunga. Sasa mfikirie mwanafunzi wa mwaka wa pili, saa tisa usiku, bomba la sindano mkononi, hana hakika na hesabu yake. Kanisani ameambiwa kusita ni kushindwa. Je, amwulize sista wa zamu, au akiri ushindi adunge? Ningekuwa mimi niliyelala kitandani hapo, ningemwombea shaka tele.

Watu wa Mji wa Kale hawahitaji kufunzwa haya. Nahodha aliyeingiza jahazi penye miamba alitia bildi kupima kina cha maji, akaitia tena na tena, na hakuna aliyemwambia kuwa tawakali yake imepunguka.

Watetezi wa mahubiri haya wana andiko lao: Yakobo 1:6, linalomfananisha mwenye shaka na wimbi la bahari. Basi na wasome mstari ulio kabla yake. Yakobo anazungumza na mtu aliyepungukiwa na hekima, anamwambia aombe kwa Mungu asiyekemea. Yaani kifungu chenyewe kinafunguliwa na mtu anayekubali kuwa hajui! Shaka anayoikataza Yakobo ni ya kumshuku Mungu mpaji. Hakumwamuru mtu yeyote ajiamini kwamba hesabu zake ni sahihi.

Andiko lao la pili ni Wafilipi 4:13, lile la kuyaweza mambo yote, ambalo wanafunzi wengi hulibandika ukutani. Paulo aliliandika akisimulia alivyojifunza kuishi kwa njaa na kwa shibe. Hakuwa akitabiri alama za mtihani. Na mara tu baada ya hapo anawashukuru Wafilipi kwa kushiriki dhiki yake. Huyo anayeyaweza mambo yote haoni haya kusema kwamba alisaidiwa.

Tumtazame na Musa. Alipotumwa kwa Farao alijitetea kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu alimkasirikia, kweli, kwa kukataa kwenda. Lakini hakumwambia akiri ufasaha. Wala hakumpa ulimi mpya. Alimpa Haruni.

Hata misheni ya Kiprotestanti ya pwani hii ilianza na mwanagenzi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Baada ya miezi michache alikuwa amemzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Hakudai kuwa Kiswahili kingemjia kwa sababu ametumwa na Mungu. Alikaa chini akafundishwa, na aliyemsaidia kufasiri kitabu cha Mwanzo alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Mmisionari alimwuliza Mwislamu maana ya maneno, na imani yake haikupunguka hata chembe. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Angekuwa mtu wa kukiri ushindi, angeitoa miaka thelathini mapema ikiwa imejaa makosa.

Tena si kila shaka inayomkuta mwanafunzi huanzia rohoni. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma kwa siku 56, na mojawapo ya mizozo mikubwa ilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: serikali ilitaka kuwapa Sh70,000 kwa mwezi badala ya Sh206,000 za mkataba wa 2017. Mtu aliyekesha zamu, anayedaiwa kodi ya nyumba, kisha akafokewa na mkuu wake mbele ya wagonjwa, atajishuku tu. Kumwambia aongeze imani ni kumtwika yeye makosa ya waajiri na wasimamizi, nao wakaendelea kulala usingizi wa pono.

Najua ipo shaka inayolemaza: ile inayomkosesha mtu usingizi, ikamfanya ajione takataka, akaogopa hata kazi aliyokwisha kuimudu. Lakini huyo naye hafai kukemewa. Ukimkemea atajifunza kuficha, na kesho atakuja kanisani na tabasamu huku anaangamia. Anahitaji mshauri nasaha, pengine daktari, na maombi ya watu wanaomjua kwa jina.

Makanisa ya kisiwa hiki yana utajiri ambao hayautumii. Katika viti vyake wameketi wauguzi wastaafu, matabibu wa Hospitali Kuu ya Pwani, mabaharia waliozunguka dunia, wahandisi wa Kilindini. Kila mmoja wao aliwahi kutetemeka siku yake ya kwanza kazini, na anajua ni nani aliyemshika mkono. Ushuhuda huo una nguvu kuliko kelele za ushindi, lakini ni nadra kupewa dakika tano mimbarini, kwa kuwa tumezoea kuwapigia makofi waliofaulu na kuwanyamazisha wanaohangaika.

Kwa hiyo mchungaji anayetaka kuwaombea wanafunzi Jumapili ijayo na aanze kwa swali: nani kati yenu amekwama wiki hii na hana wa kumwuliza? Mikono ikiinuka, asiikemee. Awageukie waumini awaulize nani atakayekaa nao Jumatatu.