Mla Mbuzi Hulipa Ng'ombe

Wahenga walisema kuwa mla mbuzi hulipa ng'ombe. Anayejinufaisha kwa hasara ya mwenzake, siku ya hesabu atoe zaidi ya alichokula. Tunapenda kuipima kanuni hiyo kwa kampuni ya dawa ya Marekani iitwayo Purdue Pharma, iliyokuwa mali ya ukoo mmoja, ukoo wa Sackler. Na tuseme mapema: katika mkasa huu aliyekula ng'ombe anadaiwa mbuzi.

Chanzo hakikuwa kibaya. Mwaka 1952 ndugu watatu, Arthur, Mortimer na Raymond Sackler, wote madaktari na watoto wa wahamiaji wenye duka la vyakula huko Brooklyn, walijipatia kampuni ndogo ya dawa mjini New York, iliyoitwa Purdue Frederick. Arthur alifariki mwaka 1987 na nduguze wakainunua sehemu yake. Wazao wake hawamo katika yaliyofuata. Mwaka 1996 ukoo ulianza kuuza OxyContin, kidonge cha kutuliza maumivu chenye oksikodoni, dawa ya jamii ya afyuni, kinachoiachia dawa mwilini kidogo kidogo kwa saa 12.

Hapo ndipo faida ilipoishinda haki. Madaktari waliambiwa kuwa hatari ya mgonjwa kuwa mtumwa wa dawa hiyo haifiki asilimia moja. Tegemeo mojawapo la dai hilo lilikuwa barua fupi iliyochapishwa katika jarida la kitabibu mwaka 1980. Lakini barua ile ilihusu wagonjwa waliolazwa hospitalini, si watu wanaokwenda nyumbani na chupa ya vidonge vya miezi kadhaa. Kati ya mwaka 1996 na 2001 zaidi ya madaktari, wafamasia na wauguzi 5,000 walihudhuria semina walizogharimiwa kila kitu. Wauzaji waliongezewa malipo kadiri mauzo yalivyopanda. Wagonjwa waligawiwa kuponi za dawa ya bure ya siku 7 hadi 30. Mauzo yalitoka dola milioni 48 mwaka 1996 yakafika karibu dola bilioni 1.1 mwaka 2000.

Mwaka 2007 Purdue Frederick na wakuu wake watatu walikiri makosa mahakamani kuhusu maelezo ya kupotosha juu ya dawa hiyo. Faini na malipo mengine yalizidi dola milioni 600, lakini hakuna aliyefungwa. Mwaka 2020 Purdue Pharma ilikiri makosa matatu ya jinai. Ukoo umekana kufanya kosa, wala hakuna mwanaukoo aliyeshtakiwa kwa jinai. Je, kampuni ina mkono wa kutia sahihi? Ina kinywa cha kudanganya? Kila linalotendwa na kampuni hutendwa na watu, na faida yake huliwa na watu.

Nayo faida ililiwa. Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilieleza kuwa zamani ukoo ulikuwa ukichukua chini ya asilimia 15 ya mapato kwa mwaka, kisha ukafikia kuchukua hadi asilimia 70. Kati ya mwaka 2008 na 2016 zilitoka takriban dola bilioni 11. Septemba 2019 kampuni iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Tuangalie vema: iliyofilisika ni kampuni, wenye kampuni hawakufilisika. Hata hivyo waliomba kinga ile ile, wasishtakiwe tena na waathirika. Tarehe 27 Juni 2024 majaji watano dhidi ya wanne waliikataa kinga hiyo. Novemba 2025 mahakama ya ufilisi iliidhinisha mpango mpya wa dola bilioni 7.4: ukoo utoe hadi dola bilioni 7 kwa miaka 15 na uache umiliki. Bilioni 11 zilichukuliwa kwa miaka tisa. Bilioni 7 zitalipwa kwa miaka kumi na mitano. Ng'ombe yuko wapi?

Wapo watakaotujibu kuwa vifo vingi vya miaka ya karibuni vililetwa na heroini na fentanili. Ni kweli. Kati ya mwaka 1999 na 2021 karibu watu 645,000 walifariki Marekani kwa kuzidisha dawa za jamii hii za kila aina, nasi hatuutwishi ukoo mmoja maiti zote. Lakini wimbi la kwanza lilianza na vidonge vilivyoandikwa na daktari, na mwenye kufungua mlango hawezi kusema hakumjua mgeni.

Wengine watataja sadaka zao kwa majumba ya sanaa. Louvre ya Paris ililiondoa jina la Sackler mwaka 2019, na Metropolitan Museum ya New York mwaka 2021. Zawadi haifuti deni la mtu mwingine.

Wala tusiilaumu dawa. Nchini Uganda, Hospice Africa Uganda imewahudumia wagonjwa wa saratani kwa mofini ya kunywa tangu mwaka 1993, na wengi wamekufa kwa heshima, bila kupiga mayowe. Uongo wa mfanyabiashara unaua mara mbili: humdhuru aliyepewa dawa asiyoihitaji, na huwatia hofu wanaopaswa kumpa yule anayeihitaji.

Basi, ndugu zetu, tunadai jambo moja: anayepokea faida kwa jina lake, aitwe kutoa hesabu kwa jina lake. Katika jumuiya zetu tujiulize:

1. Anayewalipia semina wahudumu wetu wa afya anatarajia nini?
2. Kampuni inapokiri kosa, je, tunauliza ni nani aliyekula?