Bonasi Imenunua Gari ya Siti Tano, na Nyinyi Mko Saba

Leo hakuna video, soma tu. Nimejaribu kurekodi hii kitu mara tatu na kila mara naishia kupiga kelele, na majirani wangu hapa Litein wameshanivumilia vya kutosha.

Wiki iliyopita kaka yangu mkubwa alinitumia picha kwa WhatsApp. SUV nyeusi, rimu za kung'aa, siti tano. Akaandika: "Hii ndiyo yenyewe. Jipange uje unifanyie video siku nikiichukua." Ako na laki tisa. Kuna bonasi ya majani chai hapo ndani, kuna akiba ya duka lake la dawa za mifugo, na kuna mkopo wa sacco. Ako pia na mke, ako na watoto watatu, na wa nne anatarajiwa kabla ya Krismasi. Halafu kuna mama yetu, anayeishi kwake, ambaye magoti yamekataa na kila mwezi lazima afikishwe kliniki Bomet. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na hata mimi naweza hiyo hesabu. Ni saba.

Nikamuuliza hao wawili wengine watakaa wapi. Jibu: "Watoto ni wadogo, watajipanga."

Ndiyo maana hiyo video siifanyi. Na najua atasoma hapa kwa sababu simu zangu hachukui tena.

Kwa wale wa Nairobi ambao hamjui mambo ya huku: mkulima wa chai aliye chini ya KTDA analipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka, halafu kile kinachobaki kinakuja mara moja, karibu Oktoba. Hiyo ndiyo bonasi. Na sisi wa Kericho na Bomet hulipwa chini ya watu wa mlima kule Murang'a na Kirinyaga, kilo kwa kilo. Mwaka wa 2025 wakulima wa huku waliingia barabarani wakipinga bonasi ndogo. Kwa hivyo tukubaliane kwanza kwamba hii si pesa ya kuchezea. Mtu ameamka saa kumi na moja asubuhi, umande mpaka kwa magoti, kikapu mgongoni, mwaka mzima. Pesa inaingia, na ndani ya siku kumi imegeuka kuwa gari ya kuonyesha watu wa kanisa.

Ukitaka kujua hiyo hadithi inaishia wapi, pitia masoko ya magari Januari. Karo ikifika, zile gari za Oktoba zinarudi sokoni zikiwa bado na manyoya ya viti, na mwenyewe anapokea bei yoyote.

Mimi najua kwa sababu nimekaa kwa buti ya gari kama hiyo. Mwaka wa 2022 baba, Mungu amrehemu, alinunua SUV ya siti tano. Sitaitaja jina, gari yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuwa nzuri na ilipanda ile milima ya kwetu kama mbuzi. Shida ni kwamba tulikuwa watu wanane. Baba kwa usukani, mama mbele amempakata mtoto wa kaka yangu, nyuma kogo, kaka, mke wake na dada yangu, na mimi, jamaa wa miaka 19 mwenye barua ya kujiunga na chuo mfukoni, nimekunjwa kwa buti pamoja na kabeji na mtungi wa maziwa.

Desemba hiyo, mvua ikinyesha, katikati ya Kaplong na Litein, ng'ombe akaingia barabarani. Baba akakanyaga breki, gari ikateleza, ikaingia mtaro. Hatukuwa tunakimbia, kwa uzito ule tungekimbilia wapi? Hakuna aliyekufa. Lakini mtoto alitoka mikononi mwa mama akagonga dashibodi kwa mdomo. Meno mawili na mshono kwa mdomo wa juu. Alikuwa na miaka miwili. Mama alikuwa amemshika kwa mikono yote miwili, na mpaka leo anaamini alimwachilia.

Mama, hukumwachilia. Hakuna binadamu anayeweza kushika. Gari ikigonga kitu kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo kumi anakuvuta kwa nguvu inayozidi mifuko miwili ya simiti. Hebu jaribu kudaka mifuko miwili ya simiti ikirushwa. Mkanda ndio unaoweza. Mkono wa mzazi, hata uwe na upendo namna gani, hauwezi.

Na huyo mtoto ndiye kifungua mimba wa kaka yangu. Yuleyule anayeniambia watoto watajipanga. Kila asubuhi anamuona na alama yake mdomoni akimpeleka shule!

Ile gari iliuzwa mwaka uliofuata kwa hasara, mkopo ukabaki. Sisemi gari ndiyo ilinitoa chuo. Kulikuwa na mambo mengine, na mengine yalikuwa yangu mwenyewe, siku moja nitayasimulia. Lakini ile mwezi nilikuwa natafuta karo, makato ya ule mkopo yalikuwa yanaenda bila kukosa.

Sasa, hoja zenu. Nimeshazisikia zote kwa komenti.

Ya kwanza: "Noah ni matatu, Sienta ni gari ya akina mama." Buda, wewe ni baba wa watoto wanne. Umeshafika huko. Gari ya akina mama ndiyo unahitaji, kwa sababu ukienda kazini ni mama watoto atakayebeba hao wote. Na mwanaume anayeona aibu kushuka kwa Noah lakini haoni aibu mke wake mjamzito akipakata mtoto mwingine juu ya tumbo, huyo mimi sijui tumsaidie aje.

Ya pili: "Chukua Probox basi, inabeba kila kitu." Naiheshimu Probox. Huku ndiyo mfalme. Inabeba maziwa, inabeba mbolea, inabeba maiti, inabeba harusi. Lakini Toyota walipoitoa mwaka wa 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo, walikuwa wanamfikiria mfanyakazi wa kampuni Japani na maboksi yake. Siti ni tano, na ile ya nyuma ni nyembamba kama benchi ya baraza ya chifu. Kwamba kule Bomet tumezoea kuona dereva akigawana kiti chake na abiria haimaanishi siti zimeongezeka.

Ya tatu ina maana, kwa hivyo nitakaa hapo kidogo: barabara. Boma la kaka liko chini kwenye mteremko, murram nyekundu, na mvua ya Kericho haina likizo. Ni kweli tumbo la Noah liko chini kuliko la SUV. Wish ndiyo mbaya zaidi, itakwaruza kila jiwe. Lakini sikiliza. Kwanza, hizi gari zote zilitengenezwa pia na aina za kuvuta magurudumu yote manne, ni wewe tu hujauliza. Pili, kipande kibaya cha hiyo njia hakizidi nusu kilomita, kilichobaki ni lami mpaka Bomet. Unanunua gari ya nusu kilomita unatesa watu kilomita zote zingine? Tatu, SUV ya watu watano ikibebeshwa saba na gunia la viazi, springi zinakaa chini kabisa. Ule urefu uliolipia umepotea. Siku matope yamezidi, acha gari kwa jirani juu, mshuke kwa miguu. Mama abebwe na boda hizo mita chache. Tumefanya hivyo maisha yetu yote.

Mafuta nayo msiniambie. Hiyo SUV ni cc 2000, Noah pia ni cc 2000.

Sasa laki tisa inanunua nini? Haikuletei gari mpya kutoka bandarini Mombasa, tusidanganyane. Sheria ya Kenya hairuhusu gari iliyozidi miaka minane kuingia nchini, na ushuru umepanda: tangu 2023 ushuru wa forodha pekee ni asilimia 35, kabla hujafikia ushuru wa bidhaa na VAT. Kwa hivyo utanunua iliyotumika hapa hapa, na hapo ndipo akili inahitajika kuliko pesa.

Sienta ni ndogo, injini ya 1500, mafuta inanusa tu. Milango ya nyuma inateleza pembeni, kwa hivyo hata ukibanwa kwa maegesho ya soko Kericho mjini watoto wanashuka bila kugonga gari ya mtu. Siti saba zipo, lakini zile mbili za mwisho ni za watoto tu. Mtu mzima akikaa huko anafika akiwa amekunjika kama shuka. Wish pia ni saba, na kwa lami ni tamu. Lakini hizo mbili zina shida moja ambayo wauzaji hawaitaji: siti za mwisho zikisimama, buti inakufa. Watu saba na hakuna mahali pa kuweka hata mkoba wa nepi.

Noah, au ndugu yake Voxy, ina siti nane. Hiyo ndiyo nataka kaka achukue. Sakafu iko chini na ni tambarare, mama mwenye magoti mabovu anaingia kama anaingia sebuleni. Kwa SUV lazima ainuliwe kama gunia, na nimeona jinsi anavyoangalia chini akiinuliwa. Mtoto mchanga anapata kiti chake cha watoto, kimefungwa, na bado kuna nafasi moja. Angalizo: zile za mwanzo, 2001 mpaka 2007, nyingi zina injini ya D4, na fundi wengi wa huku wakiiona wanakunja uso. Tafuta zilizofuata. Hizo giaboksi yake ni CVT, inataka oili yake yenyewe kwa wakati wake. Ukimwaga ya bei rahisi, utakuja kunitukana hapa.

Na Noah nyingi zimeshapiga kazi ya kubeba abiria. Angalia reli ya mlango wa kuteleza kama imelika. Angalia sakafu kama kuna matundu ya bolti za siti zilizoongezwa, na ubavuni kama kuna kivuli cha mstari wa manjano chini ya rangi mpya. Angalia rekodi ya NTSA kupitia eCitizen, uone jina la mwenyewe na kama kuna mkopeshaji bado ameandikwa pamoja naye. Ukishamaliza hayo, ingia ndani na uvute mikanda. Yote. Mmoja mmoja. Zile za nyuma mara nyingi zimemezwa na siti, zimekatwa, au hazifungi. Muuzaji atakuambia "hiyo ni kitu ndogo." Mwambie basi airekebishe kabla hujatoa pesa, kama ni ndogo.

Wenzangu wa kontenti, na nyinyi nina neno. Mnaenda kwa maduka ya magari Ngong Road, mnafungua milango, mnasema "hii ni gari ya mwanaume," mnaonyesha sauti ya egzosi dakika nzima. Sijawahi kuona hata mmoja wenu akiingia siti ya nyuma kabisa akae. Hata mmoja! Mimi pia nilifanya hivyo, msiende kuchimba video zangu za zamani, nitazifuta usiku. Kijana wa Sotik anaangalia, miaka mitano baadaye ako na watoto watatu, na kichwani bado anasikia egzosi.

Kuna watakaosema ajali ni mapenzi ya Mungu. Tunatumia barabara moja na Londiani Junction, ambapo zaidi ya watu 50 walikufa jioni ya tarehe 30 Juni 2023 lori lilipowavamia wakiwa stejini na sokoni. Wale hawakuwa na la kufanya. Wewe unalo, na bado hujalipa hata shilingi.

Kaka, nimeongea na jamaa mmoja pale Kapkatet anayeuza Noah ya 2009, namba za KCB, bei anaanzia laki nane na nusu, naona itashuka. Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa hapo. Nimeshamwambia mama, na shemeji amekubali kuleta watoto wote. Tutaingia sote saba, kila mtu avute mkanda wake, mama achague siti yake mwenyewe. Mkanda mmoja ukikataa tunarudi nyumbani na pesa yako. Mimi nitarudi na matatu, usijali. Na kamera nitabeba, hiyo video nitakufanyia.