Kula kwa Jasho la Mkono Si Ubahili

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeifanya ardhi kuwa tandiko na akateremsha maji kutoka mawinguni. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Yapo maneno yanayozungumzwa barazani baada ya swala katika tarafa ya Idodi, mkoani Iringa, nasi tumeona si vyema kuyanyamazia. Maneno hayo yanawahusu mume na mke, wote vijana, wote wenye kudumu katika swala na darsa, ambao wameamua kuendesha nyumba yao kwa namna ambayo baadhi ya jamaa wameiona ngeni. Hatuwataji majina, kwa kuwa heshima ya Muislamu ni amana, na kwa kuwa jambo lenyewe ni kubwa kuliko wao wawili.

Wafanyalo ni hili. Uani kwao wamepanda mchicha, bamia, nyanya na maboga. Maji wanayotawadhia huyakinga kwa beseni, kisha huyamwaga kwenye matuta. Maganda, majani makavu na samadi ya mbuzi hufukiwa shimoni mpaka yakawa mboji. Hupikia jiko la udongo linalobana moto, ili mzigo mmoja wa kuni utoshe siku nyingi. Majani ya maboga na ya kunde yanayopatikana kwa wingi wakati wa mvua huyaanika na kuyaweka akiba ya kiangazi. Sokoni huenda na kikapu cha ukili. Nguo ikichanika hushonwa, na kiatu kikikatika hupelekwa kwa fundi. Katika akika ya mtoto wao, wageni walikula kwenye masinia na kunywa maji ya mtungini kwa vikombe vya bati, wala haikuonekana chupa ya plastiki hata moja. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Tumeyasikiliza maneno hayo kwa makini, tukayakuta yamegawanyika mafungu matatu. Wa kwanza wanasema huo ni ubahili. Wa pili wanasema hayo ni mambo ya Wazungu wa hifadhi na miradi yao. Wa tatu wanasema Waislamu wana mambo makubwa zaidi ya kushughulikia kuliko mboji na vikapu. Tutalijibu kila fungu kwa dalili, kwani dini yetu haiendi kwa mazoea.

Ama madai ya ubahili, kwanza tujue ubahili ni nini. Wanazuoni wanaeleza kwamba bakhili ni yule anayezuia haki iliyomlazimu: zaka, nafaka ya mke na watoto, haki ya mgeni, haki ya jirani. Asiyezuia haki hizo, kisha akaacha kutumia visivyo na haja, huyo hawezi kuitwa bakhili. Mwenyezi Mungu katika Suratul Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake wanaosimama katikati, wasiofuja wala kubana. Na katika Suratul Israa, aya ya 26 na 27, baada ya kuamrisha haki za jamaa, masikini na msafiri, amewafanya wafujaji kuwa ni ndugu wa mashetani. Basi na tuwapime ndugu zetu hawa kwa kipimo hicho. Jirani zao wanashuhudia kuwa mboga za uani hufika milango ya watu kabla hazijafika sokoni. Hiyo ndiyo wasia aliopewa Abu Dharr (r.a.), kama alivyopokea Imamu Muslim, kwamba apikapo mchuzi aongeze maji yake na awakumbuke majirani. Wangapi miongoni mwetu wananunua maji ya chupa kwa ajili ya shughuli moja, na jirani yake amelala na njaa? Ni nani hapo anayestahiki jina la bakhili?

Ama wanaosema haya ni mambo ya Wazungu, tunawauliza: ni Mzungu gani aliyemfundisha Nabii Daud (a.s.) kula kwa kazi ya mkono wake? Bukhari amepokea kutoka kwa Al-Miqdam (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikitaja chakula kinachotokana na kazi ya mkono wa mtu kuwa hakuna kilicho bora kuliko hicho, akampigia mfano Nabii Daud. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Muislamu akipanda mti au akaotesha mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Mama wa Waumini Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Na imepokewa pia kutoka kwake kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Mafundisho haya yamekuwepo kabla ya mradi wowote. Ikiwa wengine nao wameiona hekima ya kutunza mito na miti, hilo halitufanyi sisi tuiache haki yetu.

Tena wenzetu wametutangulia. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Katika miaka iliyofuata, mafunzo ya Qur'an na Sunna juu ya amana ya ardhi na bahari yaliingizwa katika kuwaelimisha wavuvi, na viongozi wa dini wakashirikishwa. Wavuvi waliokuwa wakisikia amri za serikali kwa sikio moja waliyasikia maneno ya Mola wao kwa masikio mawili. Kwa nini jambo hilo liwezekane Pemba, likashindikana Iringa?

Ama wale wa tatu, wanaosema kuna mambo makubwa zaidi, tunakubaliana nao kwamba tauhidi ndiyo msingi, na kwamba asiyeswali hataokolewa na bustani yake. Lakini hadithi ya Mtume (s.a.w.) inatufundisha kuwa imani ina matawi zaidi ya sitini au sabini, la juu kabisa ni shahada, na la chini kabisa ni kuondoa chenye kudhuru njiani. Aliyelishika tawi la juu hana ruhusa ya kulikata la chini. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Muislamu alipasa awe ameshaacha kuitupa njiani kabla ya sheria hiyo, kwa hofu ya Mola wake tu.

Zaidi ya hayo, kwa watu wa Idodi jambo hili si dogo. Tarafa yetu imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na maisha yetu yamefungamana na maji: mpunga wa mifereji, vitunguu, mifugo na visima. Mto Ruaha Mkuu, ambao wazee waliujua kuwa hautulii mwaka mzima, umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993. Sababu kubwa iliyoelezwa ni maji kuchepushwa mno kwa kilimo huko juu, katika bonde la Usangu, pamoja na kuharibika kwa ardhioevu ya Ihefu. Mto huo huo ndio unaolijaza bwawa la Mtera, lenye mitambo ya megawati 80, na kushuka hadi Kidatu yenye megawati 204. Maji ya Mtera yalipopungua mwaka 2006, nchi nzima iliingia katika mgao wa umeme, akakosa taa mtu wa Dar es Salaam asiyeijua Usangu iko wapi. Hivyo ndivyo Mwenyezi Mungu anavyotuonyesha kuwa mfereji wa mtu mmoja haukomei katika shamba lake.

Na jambo la mifereji lilihukumiwa na Mtume mwenyewe (s.a.w.). Az-Zubayr (r.a.) aligombana na mtu wa Ansari juu ya maji ya mfereji wa Harra. Mtume akaamua kwamba Az-Zubayr, aliye juu, amwagilie, kisha ayaachie maji yamfikie jirani. Yule mtu alipokasirika na kudai kuwa kapendelewa binamu, ndipo Mtume akampa Az-Zubayr haki yake kamili, kuyazuia mpaka yafike kwenye kingo za shamba. Angalieni mpangilio wake. Mwenye shamba la juu ana haki ya kutangulia, na haki hiyo ina mpaka: maji yakishafika kingoni, huachiliwa. Wangapi leo hufunga mfereji usiku kucha, maji yakafurika na kupotea, na wa chini anakesha na jembe mkononi akingoja tone? Kisha wawili hao hukutana alfajiri katika safu moja, bega kwa bega. Tunamwomba kila mwenye zamu ya maji aitafakari hukumu hii kabla ya kufungua mlango wa mfereji wake.

Hebu sasa tuitazame misikiti yenyewe. Katika hadithi iliyo sahihi, Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa pishi ya Kinabii, yaani mudi nne, hadi mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, haufiki lita moja. Tufanye hesabu: jamaa 100, kila mmoja akifungulia bomba na kutumia lita tano kwa kila swala, ni lita 2,500 kwa siku. Wakitosheka na lita moja moja, ni lita 500. Tofauti yake ni lita 2,000, yaani ndoo kubwa 100 kila siku. Maji hayo yangeotesha bustani ya madrasa ikalisha watoto wetu mboga.

Wapo walioogopa, wakauliza kama maji yaliyotawadhiwa yafaa kwa mboga. Jawabu ni kwamba yanafaa. Bukhari amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba alipokuwa mgonjwa, Mtume alitawadha na kummiminia maji ya udhu wake, akazinduka. Lau maji hayo yangekuwa najisi asingemiminiwa. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, maji hayo ni tohara, ila hayatumiki tena kutawadhia. Na kuhusu samadi, hata wanazuoni wanaoihesabu kuwa najisi wameruhusu kurutubishia ardhi, na mmea uliotoka humo huoshwa ukaliwa bila shaka yoyote.

Baada ya kuwatetea ndugu zetu, tunalo neno kwa waume wote, pamoja na yule kijana tuliyemtaja. Nyumba ya namna hii ina kazi nyingi: kuteka, kupalilia, kuanika, kushona, kukanda udongo wa jiko. Ikiwa mume atachukua sifa barazani na mke akachukua mzigo kichwani, basi hiyo ni dhulma iliyovikwa majani mabichi. Fatima (r.a.), binti wa Mtume, alilalamika mikono yake kuumizwa na jiwe la kusagia. Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) alibeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la mbali la Az-Zubayr, na mumewe mwenyewe alikiri kwamba kuona akibeba kulimuumiza. Hatukusimuliwa habari hizi ili waume wazifanye hoja ya kukaa. Sunna ya Mtume katika nyumba yake tumekwisha itaja: alihudumia. Mume anayetaka jiko la kuni kidogo na akakate kuni hizo yeye. Na aliyejaaliwa uwezo wa gesi asimnyime mkewe kwa kisingizio cha mazingira. Moshi wa jikoni unaathiri vifua vya mama zetu, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034.

Na kwa mume na mke hawa tunawausia mambo mawili. Wasafishe nia, kazi yao isigeuke kuwa ria. Wala wasimharamishie mtu alichohalalisha Mwenyezi Mungu. Anayenunua mboga sokoni hana dhambi, na muuza maji ya chupa anatafuta riziki ya halali. Da'awa yao iwe kwa mche wanaomgawia jirani, na iwe kwa ulimi laini.

Kwa maimamu na kamati za misikiti tunapendekeza haya: maji ya udhu yaelekezwe kwenye miti na bustani, mabomba yasiyofunga yatengenezwe wiki hii, isingojwe harambee, futari za Ramadhani na walima ziandaliwe kwa vyombo vinavyooshwa, kila mwanafunzi wa madrasa apande mti mmoja na aulizwe habari zake kama anavyoulizwa sura aliyohifadhi, na hukumu ya mfereji wa Az-Zubayr isomwe katika hotuba ya Ijumaa kabla ya msimu wa mpunga.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika ardhi yetu na mvua yetu, utuepushe na ubahili na ufujaji, na utujaalie kuwa waaminifu katika kile ulichotukabidhi.

Wabillahi Tawfiq.