Kaka, ng'ombe wa tatu asubiri

Wiki iliyopita nilipata ujumbe mrefu kutoka kwa baba mmoja wa Igalula, mkulima wa tumbaku. Binti yake amemaliza shahada ya uuguzi na anataka kwenda Uingereza kusoma shahada ya pili. Chuo kimeshamkubali, kinasubiri tu matokeo ya Kiingereza. Baba akauza ng'ombe wawili: ada ya mtihani wa IELTS, nauli ya Dar es Salaam, pa kulala na chakula.

Matokeo yametoka. Kusikiliza 7, kusoma 6.5, kuzungumza 7, kuandika 5.5. Wastani ni 6.5, ndio chuo kilioutaka. Ila chuo hichohicho kinataka pasiwe na sehemu hata moja iliyo chini ya 6. Sasa amejitokeza mwalimu wa twisheni Tabora mjini, anaahidi 7 ndani ya wiki mbili, na gharama zake zinamfikia ng'ombe wa tatu. "Nimuuze?"

Kaka yangu, subiri kwanza.

Huo mtihani hauna kufaulu wala kufeli. Unatoa alama kutoka 0 hadi 9, na kila chuo kinajiwekea kiwango chake. Mtoto aliyekua na Kinyamwezi nyumbani, akasoma msingi kwa Kiswahili, akakutana na masomo ya Kiingereza kidato cha kwanza, leo anapata 7 ya kuzungumza. Usimwambie ameshindwa. Wenzetu wa Cambridge walipoanzisha mtihani wao wa Kiingereza cha juu mwaka 1913, waliufanya watu watatu, na hakufaulu hata mmoja.

Tabora lugha zimetuingia kwa masikio tangu enzi za misafara. Wapagazi walikwenda pwani wakarudi na Kiswahili, bila ubao wala chaki. Kinachotusumbua ni kalamu, na hapo nasema kama mtu aliyefundisha sekondari miaka mingi: tuliwazoesha watoto kunakili notisi, kuzikariri na kuzirudisha kama zilivyo. Anayesahihisha IELTS anataka kinyume chake. Akiona insha iliyokaririwa, anaishushia alama. Mwalimu anayeuza insha za kukariri anamuuzia binti yako hasara, na naogopa ahadi ya wiki mbili ni ya namna hiyo.

Nilimwomba baba namba ya binti, nikampigia. Nikamuuliza alikwama wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Shangazi, muda uliniishia."

Sehemu ya kuandika ina dakika 60 na kazi mbili. Ya kwanza ni kueleza chati au jedwali kwa maneno yasiyopungua 150. Ya pili ni insha ya hoja, maneno yasiyopungua 250, na ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza. Binti alitumia dakika 35 kwenye chati, akiipamba. Insha ikaishia njiani. Chati ilistahili dakika 20 tu, zilizobaki 40 ziende kwenye insha.

Kwa hiyo dawa ipo hapo nyumbani. Kwenye tovuti ya mtihani kuna maswali ya mfano ya bure. Ayapakue siku mtandao ukiwa mzuri. Aandike insha moja kila baada ya siku moja, kwa saa, akishika kalamu kama alifanyia kwenye karatasi. Aiache ilale, kesho yake aisome kwa sauti. Atajishika mwenyewe, hasa pale anapomgeuza mwanamke kuwa mwanamume kwa kuwa "yeye" yetu ni moja. Halafu ampelekee mwalimu wa Kiingereza wa sekondari ya karibu, asahihishe insha mbili kwa wiki. Debe la karanga litatosha kumshukuru.

Kabla ya kulipa chochote, aandikie chuo maswali mawili. Je, barua inayothibitisha kwamba shahada yake ilifundishwa kwa Kiingereza inaweza kukubaliwa? Vyuo vingine hukubali. Na je, wanapokea matokeo ya kurudia sehemu moja tu? Utaratibu huo upo kwa waliofanya kwa kompyuta, ndani ya siku 60, lakini si kila nchi inao wala si kila chuo kinautambua. Majibu hayo yanaweza kumwokoa ng'ombe mzima. Wala asikurupuke: matokeo aliyonayo hutambuliwa kwa miaka 2.

Baba aliniambia yeye hajui Kiingereza, hivyo hana la kusaidia zaidi ya fedha. Si kweli, kaka. Jioni ukitoka shambani, keti naye, simu mezani ikiwa na saa. Dakika 20 zikiisha, mwambie "chati basi", hata kama analalamika kwamba bado sentensi moja.