Jamani, Msituagize Upepo

Ndugu zetu mlioko Leicester, Minneapolis, Toronto, Muscat na Stuttgart, salaam nyingi kutoka Nansha. Barua zenu zinatufikia, na siku hizi zinafanana kama mapacha. Zamani mlituagiza vigae, mashine za kusaga, taa za sola na viatu vya jumla. Sasa agizo limekuwa moja: "Nitafutieni springi za hewa, seti nzima, za Subaru, mzipakie kwenye kontena la Mombasa, mdogo wangu atazipokea." Mwingine anataka za BMW, mwingine za Mark X. (Tusibishane kama Mark X ni gari la spoti. Kwetu nyumbani chochote chenye spoila ni cha spoti.) Na yupo anayesisitiza iwe ile inayoendeshwa kwa simu ya mkononi, ili gari likisimama mbele ya ukumbi wa harusi lijishushe lenyewe mpaka chini, kama ngamia anayepigishwa magoti.

Tunasema hapana. Na kwa kuwa kumkatalia mtu mmoja mmoja kunaleta ugomvi na maneno ya "mmekuwa Wachina sasa", tumeona tuandike hapa mara moja, asikie kila mtu.

Kwa wasioijua, Nansha ni ncha ya kusini ya Guangzhou, pale Mto wa Lulu unapoishia baharini. Ilikuwa sehemu ya Panyu hadi 2005 ilipofanywa wilaya peke yake. Bandari yake kubwa ilianza kazi 2004, na tangu 2006 kiwanda cha Toyota kilichoko hapa kinatoa Camry. Usukani uko kushoto, hivyo hazitufai sisi tunaoendesha upande wa kushoto wa barabara, lakini tunaziangalia zikipangwa kama sabuni dukani na roho inatuuma. Vifaa vya kuremba magari vinauzwa kwa wingi kule mjini, Barabara ya Yongfu, duka limebanana na duka. Sisi kazi yetu ni ya katikati: kununua, kukagua, kufunga, kupakia. Kwa hiyo hayo madude tunayajua kwa mikono, hatukuyasoma kwenye matangazo.

Seti yenyewe ina nini? Springi ya chuma inatolewa, inawekwa springi ya mpira iliyojazwa hewa, moja kila gurudumu. Kwenye buti kunakaa kompresa ya umeme ya volti 12 na tangi. Kutoka hapo paipu nyembamba za plastiki zinakwenda kwenye valvu, valvu zinakwenda kwenye springi, na kompyuta ndogo inaamua nani apewe hewa na nani anyang'anywe. Tangi hujazwa hadi psi 150, mara nyingine 200, wakati tairi la gari dogo lina kama 32. Hesabu viungo vya paipu kuanzia kwenye kompresa hadi gurudumu la mwisho, halafu jiulize kila kimoja kitafungwa na nani.

Jambo la kwanza linalotukera ni hili. Sheria ya usalama barabarani ya China, iliyoanza kutumika Mei 2004, inakataza katika kifungu cha 16 mtu yeyote kubadili muundo au sifa za gari lililosajiliwa bila idhini. Yule kijana wa Yongfu anayekuchekea na kukumiminia chai, akiifunga seti hiyo kwenye gari lake bila idhini, anavunja sheria ya nchi yake. Na wewe ndugu yetu wa Stuttgart, unayajua ya huko: gari likibadilishwa springi bila karatasi za TÜV, ruhusa yake ya kutembea barabarani inaweza kufa. Wewe wa Leicester unajua kwamba usipoiambia bima umebadilisha gari, siku ya ajali bima itakugeuzia uso. Ndiyo maana gari lako la huko lina springi zilezile lilizotoka nazo kiwandani. La majaribio ni la mdogo wako wa Mwanza! Usilothubutu kulifanya mbele ya mkaguzi wa Kijerumani unalifanya kwa damu yako mwenyewe, kwa sababu eti nyumbani hakuna atakayeuliza.

Tunajua jibu lenu, maana tumelisikia mara nyingi: matuta. Hoja hii tunaiheshimu, ndiyo pekee yenye uzito. Kweli barabara zetu zina matuta ambayo aliyeyajenga ni kama alikuwa na kisasi na wenye magari. Gari la chini linakwaruza tumbo. Springi za hewa zinainua gari, linapita, linashuka tena. Safi. Lakini hebu fuateni hesabu hadi mwisho. Impreza iliyotoka Japani na springi zake haihitaji kuinuliwa, inapita matuta mengi ukienda kwa adabu. Inayohitaji kuinuliwa ni ile uliyoishusha wewe. Yaani umenunua ugonjwa, sasa unanunua dawa, na vyote viwili umevilipia kwa dola na kuvisafirisha kwa meli moja.

Halafu kuna kinachotokea likiinuliwa. Springi ya hewa hainyanyui bure: ukiiongezea hewa gari liende juu, na ugumu wake unaongezeka. Ukilishusha, nafasi ya gurudumu kucheza inapungua, shimo dogo tu linalipeleka gari kugonga vizuizi vya chini. Gurudumu nalo halipandi na kushuka wima kama ndoo ya kisimani. Linabadili mlalo wake, tairi linalika upande wa ndani, na alaimenti uliyoipima jana kwa kimo kimoja si ya leo kwa kimo kingine. Shokapu zilizopangwa kwa springi ya chuma sasa zinatakiwa kutuliza kitu chenye tabia nyingine. Mipira ya breki iliyokatwa kwa urefu fulani inavutwa. Gari la spoti thamani yake yote ni kwamba dereva anajua litafanya nini kwenye kona. Ukishalifunga hivyo bila mtaalamu wa kulipanga upya, hajui tena.

Tupeni mfano wa hapahapa mlangoni kwetu. Daraja la Humen, linalovuka mto kutoka Nansha kwenda Dongguan, lilifunguliwa 1997 na likapita misimu ya tufani ya zaidi ya miaka ishirini bila kishindo. Mei 5, 2020 lilianza kuyumba kama kamba ya nguo, magari yakiwa juu yake, likafungwa. Wataalamu walipochunguza wakaeleza chanzo: vizuizi vya plastiki vya kujazwa maji, vilivyopangwa kando kando ya daraja wakati wa matengenezo. Vile vidude, ambavyo mtu anaviona kila mahali penye ujenzi, vilibadili umbo la daraja mbele ya upepo. Vikaondolewa, na tarehe 15 magari yakaruhusiwa tena. Chuma hakikuwa na kosa, hesabu za mwanzo hazikuwa na kosa. Kilichoongezwa baadaye ndicho kilichozua kizaazaa.

"Mbona mabasi yanazo?" Ndiyo, na hatuna ugomvi na basi. Basi la Dar kwenda Arusha lenye springi za hewa lina kompresa kubwa inayosukumwa na injini, lina kikaushio cha kunyonya unyevu, lina dereva anayefungua koki za matangi kutoa maji, na kampuni inayojua kwamba hewa hiyohiyo ndiyo inayoshika breki, hivyo hawaichezei. Hewa ya Mombasa na ya Dar imejaa maji. Ukiigandamiza maji yanabaki kwenye tangi, yanakula tangi kutu, yanaingia kwenye valvu, valvu zinakwama. Seti nyingi za bei rahisi tunazoziona hazina kikaushio cha maana. Ongeza vumbi la murram linalojikunja pamoja na mpira wa springi, likisaga kila siku kama msasa. Kompresa nayo inawaka mara kwa mara kufidia hewa inayovuja, hadi siku inaungua. Mwenye gari anaamka asubuhi, kona moja imelala chini. Hiyo ndiyo bahati njema. Bahati mbaya ni springi kupasuka kwenye mwendo, tairi likasugua madigadi, mtu yuko kilomita 110 kwa saa na familia ndani.

Yapo pia magari ya kisasa yanayotoka kiwandani nazo, na hapa China yamekuwa mengi. XPeng, kampuni ya Guangzhou hiihii, iliitoa G9 mwaka 2022 ikiwa na springi za hewa, na Porsche wanaziweka kwenye Panamera tangu 2009. Hatusemi teknolojia ni mbaya. Tunasema hao walianza na karatasi tupu, wakapanga bodi, shokapu, sensa za kimo na kompyuta pamoja, wakajaribu kwenye baridi na joto, na kikiharibika kitu kuna mahali pa kukirudisha. Hata wakubwa iliwashinda mwanzoni. General Motors waliifunga kwenye Cadillac Eldorado Brougham ya 1957, gari lililouzwa zaidi ya dola 13,000 za wakati ule. Zikavuja. Wenye magari hayo, matajiri wa Marekani wenye mafundi na lami iliyonyooka, wengi wao wakazing'oa na kurudisha springi za chuma. Sisi tunataka kuwatangulia GM kwa seti iliyofungwa kwenye boksi lisilo na hata jina la kiwanda.

Na kinachotushangaza zaidi ni usahaulifu. Gari la spoti Afrika Mashariki halijaanza na ninyi. Safari Rally imekuwepo tangu 1953, na kwa watu wengi ndiyo iliyowafundisha gari la mbio ni nini. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 kwa Subaru Impreza. Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, aliimaliza ile ya 1993 kwa Subaru Vivio, kigari cha injini ya sisi 660 ambacho leo mngekidharau hata kukipanda kwenda sokoni. Magari ya Safari hayakushushwa. Yaliinuliwa, yakaimarishwa chini, yakapewa shokapu za kustahimili mawe na mito, na watoto wa Naivasha na Nanyuki wakasimama kandokando ya njia kuyapigia makofi. Hiyo ndiyo sura ya gari la spoti kwenye ardhi yetu. Hii ya kulaza gari chini hadi rimu zifichwe na madigadi imetoka kwenye nchi ambazo barabara zake hazina mbuzi wala mashimo, na huko nako waungwana wengi hulipeleka gari hilo kwenye maonyesho juu ya trela.

Sasa mtu atabebeshwa lawama. Nani? Si wewe uliyetuma, wala si aliyeuza Yongfu. Ni fundi. Fundi wa Gerezani, wa Grogan, wa Kisekka, anayepewa boksi lenye maelekezo ya Kichina na picha mbili, na kijana mwenye haraka anayemwambia kaka kasema ifungwe kabla ya Jumamosi. Fundi huyo anaweza kufufua injini iliyozikwa, lakini hajawahi kupewa mafunzo ya kitu hiki, hana kifaa cha kukipima, hana springi ya akiba ikipasuka. Atakata paipu kwa kisu, atakaza kwa uzoefu, ataweka maji ya sabuni aone kama panavuja, na ataomba Mungu. Gari likianguka, kijiwe kizima kitasema fundi fulani ni muuaji. Tumechoka kusikia mafundi wetu wakitukanwa kwa dhambi zilizotoka kwenye simu ya mtu aliyeko Toronto.

Na mawakala wenzetu, msijifanye hamumo. Kuna wanaoandika "vifaa mchanganyiko vya gari" kwenye karatasi za mzigo na kuzisukumia seti hizi katikati ya magunia ya nguo. Kenya ilianza ukaguzi wa ubora kabla ya mzigo kusafirishwa mwaka 2005, Tanzania ikafuata 2012. Hazikuanzishwa ili tupate mazoezi ya kuzikwepa. Kitu kinachobeba uzito wa gari zima hakistahili kusafiri kwa jina la uongo.

Mkitaka kweli kumpendeza huyo mdogo wenu, pesa hiyohiyo ina kazi. Tairi nne mpya za kueleweka, si mitumba iliyokauka. Shokapu mpya, bushi, boljointi, diski na pedi za breki. Gari lake la spoti likishapata hivyo litakwenda kwenye kona vizuri kuliko lilivyokwenda tangu lishuke melini, ingawa tunakiri kwamba mbele ya ukumbi wa harusi halitapiga magoti. Hivyo tutavitafuta, tutavikagua kimoja kimoja, na tutaviandika kwa majina yake.

Kwa wale wabishi, na tunajua mpo, masharti yetu ni haya. Tutapakia springi za hewa ikiwa tu seti ina kikaushio na shokapu zake zilizopangwa pamoja nayo, ikiwa maelekezo yametafsiriwa kwa lugha anayoisoma fundi, ikiwa springi za chuma zilizotolewa zitahifadhiwa na si kuuzwa chuma chakavu, na ikiwa bima ya gari hilo imeandikiwa barua. Sharti la mwisho ni namba yako ya simu, iandikwe kwa wino mweusi juu ya boksi. Fundi akikwama saa nane za usiku akitaka kujua ule waya wa kijani unaingia wapi, asitupigie sisi.