Kabla Mpake Miti Rangi, Ongeeni na Wenye Mashamba

Wasee wa haiki, leo niko na nyinyi. Kila Jumamosi alfajiri mathree za kukodi zinatoka tao zikiwa zimejaa: Ngong, Kereita, Longonot, Elephant Hill. Jioni mmerudi, magoti yanalia, picha ziko juu. Wiki ijayo ni zile zile. Hakuna ubaya, hata mimi niko kwa hizo picha. Lakini nchi yenye ukingo wa Bonde la Ufa haijawahi kutenga kisheria njia ndefu ya miguu, ile unatembea wiki mbili bila kurudi ulikotoka. Hiyo inaniuma.

Njia ninayoiona kichwani inaanza Ngong Hills. Inafuata ukingo hadi msitu wa Kereita, inashuka Longonot, inazunguka Naivasha kuelekea Eburu, inapanda Menengai, inakata Baringo kwa vilima vya Tugen, halafu inavuka Bonde la Kerio na kupanda mpaka Iten. Kaunti tano. Haiwezi kuwa chini ya kilomita 300. Unaanza ukiwa na mitambo ya upepo juu ya kichwa, unamaliza ukipitwa na wakimbiaji kama vile wewe ni mti.

Sasa, najua serikali yetu ikisikia hii itaanzia wapi. Mabango, fulana, mheshimiwa wa kukata utepe, wimbo wa shule ya msingi. Mwaka mmoja baadaye bango limegeuzwa mlango wa kibanda cha kuku na njia imeingia kwa shamba la mtu mwenye mbwa watatu.

Shida ya njia ndefu ni ardhi, na wenzetu waliipitia kabla yetu. Appalachian Trail kule Marekani, karibu kilomita 3,500 kupitia majimbo 14, wazo lake lilitolewa na Benton MacKaye mwaka 1921. Kufikia 1937 ungeweza kuitembea mwanzo mpaka mwisho. Lakini sehemu kubwa ilipita kwa mashamba ya watu kwa hisani tu. Mwenye shamba akiuza, au akiamka vibaya, njia inasukumwa kwa barabara ya magari. Ilibidi Bunge lao lipitishe sheria mwaka 1968 ya kuitambua kama njia ya kitaifa, na hata hiyo haikutosha. Mwaka 1978 wakairekebisha na kutenga pesa za kutosha za kupata ardhi. Zile alama nyeupe maarufu kwa miti hazikuwa shida. Shida ilikuwa nani ana haki ya kupita.

Na hapa ndipo watu wengi hawajui: Kenya tayari tuko na kifungu. Sheria ya Ardhi ya 2012 inazungumzia haki ya umma ya kupita. Serikali ya kaunti, chama, ama hata kikundi cha watu kinaweza kuomba Tume ya Kitaifa ya Ardhi itambue njia. Wenye ardhi wanapewa notisi, wanasikizwa, na kuna fidia. Mtu anabaki na taito yake. Unachopata ni ukanda wa kupita, hukai, hujengi. Kwa nini hakuna anayeitumia kwa hii kazi? Manake inachosha. Ni kukaa chini ya mti na wazee, shamba baada ya shamba, na hakuna kamera hapo.

Lakini bila hayo mazungumzo njia itakuwa silaha. Elgeyo Marakwet hiyo hiyo ninayotaka kumalizia haiki yangu, Wasengwer wa msitu wa Embobut walifurushwa mwaka 2014 na nyumba zao zikachomwa, kwa jina la kulinda msitu. Kwa hivyo mtu wa huko akisikia watu wa Nairobi wanakuja na ramani na neno "uhifadhi", ana kila sababu ya kufunga geti. Mimi pia ningefunga. Hizi njia si mpya, kuna mama anazitumia kuteka maji na watoto wanaenda shule nazo. Sisi ndio tunaomba nafasi.

Halafu kuna kuitunza, na hapa tumezoea uvivu. Mguu wa mtu ni kitu kidogo, lakini miguu elfu kumi ikishuka mlima moja kwa moja, mvua mbili tu na njia imekuwa mtaro. Njia nzuri inakata mteremko kwa ubavu na ina vizuizi vya mawe au magogo vya kutupa maji pembeni. Kazi hiyo lazima irudiwe. Appalachian inafanywa sana na watu wa kujitolea, kila klabu na kipande chake. Sisi tuna vikundi vya haiki kila kona. Kila kimoja kingechukua kilomita tano, na vijana wa kijiji walipwe kwa zile kazi nzito. Walipwe, si kupewa soda.

Pesa zitoke wapi? Longonot ni geti la KWS, Kereita na Ngong ni KFS, na kila kaunti itataka yake. Tukiacha hivyo, msafiri atalipa mara sita na kijiji kisione hata bob. Karura walivutana mwaka 2025 kuhusu hela ya geti ipitie akaunti gani, na huo ni msitu mmoja tu. Nataka tiketi moja, na sehemu ya kijiji iandikwe kwa sheria kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa.

Rwanda, nchi ndogo kuliko kaunti ya Marsabit, iko na Congo Nile Trail, kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu, Rubavu hadi Rusizi. Sehemu kubwa ni barabara za vumbi ambazo wanakijiji wanatumia kila siku. Hawakungoja njia ya kifalme.

Sisi tuanze na kipande kimoja, Kereita kushuka Kijabe hadi Longonot. Kama una shosho ama anko upande huo anayejua mashamba ya hapo ni ya nani, niandikie. Na kama kikundi chako cha haiki kiko na cheti cha usajili, niandikie haraka zaidi.